Jinsi ya Kuiweka Poland Mezani

Kuna watu ambao starehe yao, wengine husema ugonjwa wao, ni kupigana vita vya baharini juu ya meza. Mimi ni mmoja wao. Vifaa vyenyewe havitishi: shuka la bluu ndiyo bahari, meli ni vipande vya mbao vyenye urefu wa kidole au zaidi kidogo, halafu kuna rula, dadu na daftari la kanuni. Kila mchezaji ana manowari zake. Mnazisogeza kwa zamu, mnapima umbali, mnarusha dadu kuona kama kombora limepiga au limetumbukia majini. Mtu akichungulia dirishani atadhani ni ludo. Lakini ndani ya lile daftari kuna jambo zito, kwa sababu ili mchezo uende ni lazima kila meli ipewe thamani yake kwa tarakimu. Na ukishakaa na kalamu kuamua nani alikuwa na thamani gani vitani, umeshaanza kuandika historia, utake usitake.

Nawaambia haya nyinyi mnaoandika kwa sababu mchezo huu una undugu na kazi yetu. Mwingereza Fred T. Jane, aliyetoa kanuni zake za vita vya meli mwaka 1898, mwaka uleule alioanzisha kitabu chake maarufu cha kuorodhesha manowari za dunia, alikuwa pia mtunzi wa riwaya. H. G. Wells, ambaye hahitaji kutambulishwa, alitoa mwaka 1913 kitabu cha kuchezesha vita vya nchi kavu kwa askari wa bandia. Naye Fletcher Pratt wa New York, mwandishi wa historia na wa hadithi za kubuni za sayansi, alichapisha kanuni zake za vita vya meli mwaka 1940. Jamaa huyu alikuwa akitandaza meli zake sakafuni, wageni wake, wanaume kwa wanawake, wakitambaa kwa magoti, kila mtu akikadiria umbali kwa jicho kabla haujapimwa kwa futi. Watunzi watatu! Wala si ajabu. Mtu anayeamua mzinga huu una pointi ngapi na mtu anayeamua mhusika huyu atasema maneno mangapi, wote wanagawa uzito.

Pratt aliipa kila meli pointi kwa hesabu ndefu kidogo: ukubwa wa mizinga na idadi yake, unene wa chuma cha ubavuni, kasi, uzito wa meli nzima. Meli ikipigwa pointi zinapungua, na kadiri zinavyopungua ndivyo inavyopoteza kasi na mizinga. Kwa mataifa makubwa hesabu hii ni tamu sana. Weka Waingereza upande huu, Wajerumani au Wajapani upande ule, na usiku mzima utakuwa wenu. Taabu inaanza siku utakayotaka kumweka Mpolandi.

Mtu ataniuliza: Poland imekujaje huku? Jibu langu ni fupi, ni kwamba mimi ni mtu wa Arusha. Ukitoka mjini kuelekea Moshi unapita Tengeru, na Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi, yamezungushiwa ukuta, yametunzwa, yana majina ambayo ulimi wetu unayakwepa. Wale walikuwa wakimbizi. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwang'oa Wapolandi wa mashariki ya nchi yao wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Baadaye wengine wakaruhusiwa kutoka, wakapitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru peke yake ilikuwa na watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wanaume wao waliobaki hai walikuwa jeshini, nchi kavu, angani na baharini. Hao wa baharini ndio ninaowafuata hapa.

Poland ilifutwa kwenye ramani mwaka 1795 na haikurudi mpaka mwaka 1918. Iliporudi ikapewa kipande chembamba tu cha pwani ya Baltiki. Bandari kubwa ya Gdańsk ilikuwa mji huru nje ya mamlaka yake, kwa hiyo wakakichukua kijiji cha wavuvi kiitwacho Gdynia wakakifanya bandari katika miaka ya 1920. Manowari walinunua kidogo kidogo kama sisi tunavyojenga nyumba, tofali moja moja. Nyambizi yao iliyojulikana kuliko zote, Orzeł, yaani Tai, iliundwa Uholanzi, na michango ya wananchi ilisaidia kuilipia. Mwaka 1939 mali yao yote ya maana ilikuwa hii: destroya 4, yaani manowari nyepesi zenye kasi, nazo ni Wicher, Burza, Grom na Błyskawica, nyambizi 5, meli moja kubwa ya kutega mabomu baharini, Gryf, meli 6 ndogo za kuyafagia mabomu hayo, zote zikiwa na majina ya ndege, boti 2 za mizinga, zilizokwishazeeka, na vyombo vya mafunzo na vya huduma.

Mpinzani wangu wa kudumu ni jirani yangu, seremala, ambaye ndiye anayechonga meli zetu kutoka kwenye mbao laini za makasha. Alipomaliza kuchonga orodha hiyo akaipanga mezani, kisha akaweka mbele yake manowari kongwe ya Kijerumani Schleswig-Holstein na destroya zake, akacheka. "Kaka, hili ni jeshi la majini au ushirika wa wavuvi?"

Kwa hesabu ana haki. Chukua asubuhi ya tarehe 1 Septemba 1939. Schleswig-Holstein, iliyokuwa imeingia Gdańsk siku chache kabla kwa kisingizio cha ziara ya heshima, inaanza kuipiga ngome ndogo ya Westerplatte kwa mizinga ya milimita 280. Ndege za Kijerumani zimejaa angani. Ukiziweka manowari zote za Poland kwenye Ghuba ya Gdańsk ukarusha dadu kwa uaminifu, mchezo unakwisha kabla chai haijapoa. Na kweli ndivyo ilivyokuwa: Wicher na Gryf zilizamishwa na ndege huko Hel tarehe 3 Septemba, siku ya tatu tu ya vita.

Hapo ndipo wachezaji wengi hufanya moja ya mambo mawili. La kwanza ni kuwaacha Wapolandi ndani ya boksi. La pili, ambalo wanaliona ni la huruma, ni kuwapa nyongeza ya ushujaa. Yaani Mpolandi akirusha dadu unamwongezea moja kwa sababu alikuwa jasiri. Mimi la pili linaniudhi kuliko la kwanza. Nyongeza ya ushujaa ni zawadi ya kumnyamazisha mtoto. Inasema: hawa hawakuwa na akili wala mpango, walikuwa na moyo tu, basi tuwape moyo kwa tarakimu. Tena inaharibu hesabu, maana kombora la milimita 120 halizidi uzito kwa sababu aliyelipakia anaipenda nchi yake. Halafu jiulize, yule baharia wa Kijerumani wa miaka 19 aliyekufa upande wa pili, yeye alikuwa mwoga?

Baada ya kubishana sana tumekubaliana na jirani yangu kwamba mizinga ya Wapolandi ihesabiwe ileile, bila hata pointi moja ya kuonewa huruma. Kinachobadilika ni swali. Badala ya kuuliza nani amezamisha tani ngapi, tunauliza kila upande ulikuwa unatafuta nini siku ile.

Chukua mpango wa Peking. Wakubwa wa jeshi la majini la Poland walijua hesabu za jirani yangu kabla yake. Walijua kwamba destroya zikibaki kwenye Baltiki zitakufa. Tarehe 30 Agosti 1939, siku mbili kabla ya vita, Błyskawica, Grom na Burza ziling'oa nanga Gdynia zikaelekea Uingereza chini ya Roman Stankiewicz. Tarehe 1 Septemba zikiwa Bahari ya Kaskazini zikapata habari kwamba vita vimeanza nyumbani, na siku hiyohiyo zikatia nanga Leith, Uskoti. Hebu fikiri kama mtunzi. Mabaharia wana wake na watoto Gdynia. Hakuna aliyerusha hata risasi moja. Wanakimbia vita, na kukimbia huko ndiko kutakakowafanya wapigane kwa miaka mitano na zaidi.

Mezani tunaifanya hivi. Kabla ya kuanza, anayecheza Poland anapewa bahasha na kuulizwa: unapeleka destroya ngapi? Anaweza kuzibakiza zote 4. Anaweza kuzipeleka zote. Wenyewe walipeleka 3, wakabakiza Wicher. Zinazoondoka zinatolewa mezani, hazichezi tena usiku ule, na pointi zake zinahesabiwa kwenye michezo ya wiki zijazo. Nimeshawaona vijana wawili wakikataa kabisa kuziondoa. Wanasema huwezi kumwacha Wicher peke yake. Wanazibakiza, zinakufa zote, na wiki inayofuata hawana cha kuchezea Narvik wala Atlantiki. Mwingine alizipeleka zote nne akaonekana msaliti na wenzake mezani pale pale, watu wakanuniana kwa sababu ya mbao. Hakuna nyongeza ya ushujaa inayoweza kukupa mjadala wa namna hiyo.

Orzeł nayo ina mchezo wake, wa mtu mmoja na refa. Hadithi yenyewe hata ukiibuni utaambiwa umezidisha. Katikati ya Septemba 1939 nyambizi hiyo iliingia Tallinn, Estonia, kwa sababu kamanda wake alikuwa mgonjwa. Waestonia, ambao hawakuwa upande wowote wa vita, wakaishikilia. Wakaanza kuteremsha topido zake, wakachukua sehemu za mzinga wake, wakachukua na ramani zake za bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba mabaharia wakiongozwa na Jan Grudziński wakawateka walinzi wawili waliokuwa melini, wakakata kamba, wakatoka bandarini huku wakipigwa risasi. Walinzi wale waliwashusha baadaye pwani ya Uswidi wakiwa na fedha za nauli ya kurudi kwao. Kisha ofisa wa uongozaji, Marian Mokrski, akachora ramani ya bahari kwa kutumia kitabu cha orodha ya minara ya taa. Kwa ramani hiyo ya mkono wakazunguka Baltiki iliyojaa mabomu na meli za adui, wakapita milango ya Denmark, wakafika Uingereza tarehe 14 Oktoba. Wasovieti nao hawakulaza damu: walikitumia kisa hicho kuibana Estonia.

Sasa mtu huyu utampa pointi ngapi za mizinga? Sisi hatumpi hata moja. Mchezaji wa Orzeł haioni meza. Anakaa chumba cha pili na karatasi tupu na orodha ya minara: mnara fulani, taa yake inawaka hivi, uko mahali fulani. Anachora ramani yake mwenyewe, anamwandikia refa mwelekeo na kasi, na refa ndiye anayesogeza meli kwenye bahari ya kweli iliyofunikwa chumba cha kwanza. Refa wetu ni mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, na hana huruma. Mara ya kwanza jirani yangu alipocheza, karatasini alikuwa ameshafika Uskoti, kumbe mezani amekwama kwenye mchanga wa Denmark.

Mtu asidhani hili la kumfungia mchezaji chumba kingine ni utoto. Huko Liverpool, mwaka 1942, jeshi la majini la Uingereza lilifungua kikosi cha mafunzo chini ya Gilbert Roberts, ambapo maofisa wa meli za kusindikiza misafara ya Atlantiki walikuja kucheza vita vya nyambizi sakafuni. Walichungulia kupitia tundu kwenye pazia, wakaona kile tu ambacho wangekiona wakiwa baharini usiku. Waliochora njia za meli na kuendesha mchezo walikuwa wasichana wa jeshi la majini, wengi wao ndiyo kwanza wametoka shule. Mbinu zilizopatikana sakafuni pale zilikwenda kutumika kweli. Mdogo wangu nilipomsimulia habari hiyo aliikubali kama haki yake ya kuzaliwa.

Kabla sijaiacha Orzeł: tarehe 8 Aprili 1940 iliizamisha karibu na pwani ya kusini ya Norwei meli ya Kijerumani iitwayo Rio de Janeiro. Kumbe ilikuwa imebeba askari. Waliookolewa na Wanorwei walisema wazi kwamba wanakwenda Bergen. Onyo lilikuwa hilo, limelowa maji na limevaa sare, lakini wakubwa hawakulifanyia kazi kama ilivyostahili, na kesho yake Norwei ikavamiwa. Wiki chache baadaye Orzeł ilitoka kwenda doria na haikurudi. Mpaka leo mabaki yake hayajapatikana.

Nije kwenye usiku ambao kila anayeijua Poland ya baharini anaupenda, tarehe 26 Mei 1941. Kwanza nieleze habari ya vipimo, maana hapo ndipo meza inapodanganya. Meli zetu ni za kipimo cha moja kwa 1,200. Bismarck, manowari kubwa ya Wajerumani, ilikuwa na urefu wa mita 251, kwa hiyo mezani ni sentimita 21. Piorun, destroya ambayo Waingereza waliwapa Wapolandi mwaka 1940, ni sentimita 9. Hapo sawa. Lakini destroya ikiwa kilomita 12 kutoka kwa adui, kwa kipimo hichohicho unahitaji mita 10 za sakafu, na sebule yetu haina mita 10. Basi bahari inapewa kipimo kingine, sentimita moja kwa mita 100, na kilomita 12 zinakuwa mita moja na sentimita 20. Matokeo yake Bismarck ya mbao inafunika zaidi ya kilomita mbili za bahari! Inabidi upime kutoka mlingoti hadi mlingoti na kujifanya huoni. Kila mchezo wa mezani una uongo wake wa lazima, na riwaya nazo hazijatakaswa.

Jioni ile ndege za Waingereza zilikuwa zimeipiga Bismarck topido, usukani ukakwama. Kundi la destroya za Vian, nne za Waingereza na Piorun ya Wapolandi, likatumwa kuitafuta. Piorun ndiyo iliyoiona kwanza. Kamanda wake, Eugeniusz Pławski, hakusubiri wenzake. Akaisogelea akifyatua mizinga yake, na Bismarck ikajibu. Inasimuliwa kwamba alimulika taa kumjulisha adui kuwa yeye ni Mpolandi. Kombora la Piorun lilikuwa na uzito wa kilo kama 22. La Bismarck lilikuwa na kilo 800. Kwa lugha ya fundi wa nyumba, kombora moja ni mifuko 16 ya saruji inayoruka. Kwa karibu saa nzima mifuko hiyo iliangukia karibu na Piorun bila kuipata, mpaka Pławski akatanda moshi akajiondoa.

Kwa mizinga yake Piorun haikuidhuru Bismarck kwa lolote la maana. Tena alfajiri ilirudishwa bandarini kwa kuishiwa mafuta, kwa hiyo Wapolandi hawakuuona mwisho wa mnyama waliyemfukuza. Bismarck ilizama asubuhi ya tarehe 27. Mtu wa nyongeza ya ushujaa atataka kombora moja liingie kwenye daraja la kamanda wa Kijerumani. Hapana. Kwetu mizinga ya Piorun haiwezi kuizamisha Bismarck hata ukirusha dadu mpaka Krismasi. Unachopata ni pointi moja kwa kila zamu unayobaki ukimwona adui na yeye akikujibu, kwa sababu macho yake yakiwa kwako hayako kwa destroya wanne wanaojipanga gizani. Anayecheza Piorun anajua tangu zamu ya kwanza kwamba kila pointi ananunua kwa roho za mabaharia wake. Lini atatanda moshi? Hilo ndilo swali lote. Nimeona watu wanatoka zamu ya pili. Nimeona wengine wanang'ang'ania mpaka wanapata mifuko 16.

Mengine nitayapitia haraka. Grom ilipigwa bomu karibu na Narvik tarehe 4 Mei 1940, ikaenda na mabaharia 59. Garland ilichakazwa vibaya na ndege ikisindikiza msafara wa PQ 16 kuelekea Urusi, Mei 1942, yaani Mpolandi akimwaga damu kupeleka shehena kwa Stalin, ambaye ndiye aliyewatupa wale wa Tengeru Siberia. Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Mei 1942 Błyskawica ilikuwa matengenezoni Cowes, kisiwa cha Wight, kwenye karakana ileile ilikoundwa, ndege za Kijerumani zilipouvamia mji. Kamanda Wojciech Francki akaufunika mji kwa moshi, mizinga ikapiga mpaka ikabidi imwagiwe maji ipoe. Mchongaji zingatia: Błyskawica ya 1939 ina mizinga 7 ya milimita 120, ya 1942 ina 8 ya milimita 102, ya kupiga juu. Ni mbao mbili tofauti. Ukitumia moja kwa vita vyote nitaijua kutoka mlangoni.

Majina nayo yana vita vyake. Mwaka 1943 Waingereza waliwapa Wapolandi manowari kubwa zaidi ya zile walizokuwa nazo, kruza iitwayo Dragon. Wapolandi walitaka kuiita Lwów, jina la mji wao wa mashariki. Lakini Stalin alikuwa anautaka mji huo, na Waingereza hawakutaka kumuudhi Stalin, kwa hiyo ikabaki na jina lake la Kiingereza. Julai 1944 ilipigwa topido pwani ya Normandy, ikashindikana kutengenezeka, ikazamishwa kwa makusudi iwe ukuta wa kuzuia mawimbi. Wakapewa nyingine, na hii wakaiita Conrad. Ndiyo, huyohuyo Joseph Conrad, baharia wa Kipolandi aliyegeuka mtunzi kwa lugha aliyojifunza ukubwani, aliyefika Kongo mwaka 1890 na kuiandika kwa namna ambayo Chinua Achebe aliikataa hadharani mwaka 1975. Mimi mwenyewe niko upande wa Achebe. Lakini taifa lililonyimwa kutaja mji wake likachagua jina la mwandishi, hilo linanigusa. Kwenye kipande cha Conrad nimeandika jina kwa wino mweusi, cha Dragon nimekiacha bila jina.

Kipande kilichonisumbua kuliko vyote si meli. Ni mraba wa kadibodi wenye vitone vinne: mizinga minne ya milimita 152 kwenye ncha ya rasi ya Hel. Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1939 mizinga hiyo ilisaidiana na Gryf na Wicher kupigana na destroya mbili za Kijerumani. Leberecht Maass ikapigwa, mabaharia 4 wakafa, zote mbili zikajiondoa. Baadaye mwezi huo mizinga minne ilikabiliana na manowari kongwe Schleswig-Holstein na mwenzake Schlesien. Kamanda wake, kapteni Zbigniew Przybyszewski, alijeruhiwa, akarudi kwenye kituo chake. Hel ilisimama mpaka tarehe 2 Oktoba, baada ya Warsaw yenyewe kuanguka. Mezani tunatoa pointi kwa kila siku Hel inayobaki, hakuna zaidi.

Jirani yangu hutaka mchezo wa Hel ufungwe hapo, tarehe 2 Oktoba. Mimi huwa ninageuza vile vipande viwili. Nyuma ya mraba wa mizinga nimeandika: Przybyszewski. Nyuma ya boti ndogo ya mizinga iitwayo General Haller, ambayo mezani haifiki hata sentimita 5, nimeandika: Mieszkowski. Stanisław Mieszkowski ndiye aliyekuwa kamanda wake mwaka 1939. Wote wawili walikaa kifungoni kwa Wajerumani mpaka vita vikaisha. Wote wawili walirudi Poland, ambayo sasa ilikuwa chini ya serikali iliyowekwa na Moscow, wakalitumikia tena jeshi lao la majini. Wakakamatwa na wenzao kwa shutuma za kubuni za ujasusi, wakahukumiwa kifo, na Desemba 1952 wakauawa pamoja na mwenzao mwingine, Jerzy Staniewicz. Miili ikafichwa kwenye makaburi yasiyo na alama Warsaw.

"Sasa hilo linahusiana nini na dadu?" jirani yangu aliniuliza. Nilimjibu kwamba kwenye dadu halimo, ndiyo maana liko nyuma ya kadibodi. Alikaa kimya, kisha akaomba kalamu, akaigeuza Schleswig-Holstein akaiangalia chini. Palikuwa patupu. Hakuandika kitu, akairudisha mezani.

Mkuu wao wote huko Hel alikuwa admirali Józef Unrug. Alizaliwa Ujerumani, akaamuru nyambizi za Kijerumani katika vita vya kwanza vya dunia, kisha akaichagua Poland. Alipokuwa mateka, Wajerumani waliomjua zamani walikuja kuzungumza naye, yeye akadai mkalimani, akisema Kijerumani amekisahau tarehe 1 Septemba 1939. Baada ya vita hakurudi. Alifariki Ufaransa mwaka 1973, akiwa ameacha wosia kwamba asipelekwe Poland mpaka maofisa wake waliouawa wapatikane na kuzikwa kwa heshima. Mieszkowski, Przybyszewski na Staniewicz walizikwa kwenye makaburi ya jeshi la majini huko Oksywie, Gdynia, Desemba 2017. Tarehe 2 Oktoba 2018 Unrug na mkewe Zofia walizikwa upya mahali hapohapo.